Bafta

Naitwa Mkasi binti Faki, fundi wa Limbani, Wete.
Jina lilitangulia; kazi ikalifuata.
Nashona vyeusi: mabuibui, abaya,
ukaya wa shifoni unaoteleza kama maji,
na paka wangu ni mweupe.

Wenye kujua nguo mshaelewa.

Aliingia na mvua za vuli, mdogo kama kiraka.
Nikamwita Bafta,
nikasema hiki ndicho kipande changu cha bure.
Kumbe bafta hii haina pindo:
inafumuka usiku, inafumuka mchana,
nyuzi zake kwenye cherehani,
kwenye kopo la vifungo,
kwenye chai.

Bi Mize alikuja kuchukua abaya ya harusi ya mwanawe.
Akaitoa juani, akaigeuza, akanyamaza.
(Kunyamaza kwa Bi Mize kunauma kuliko tusi.)
Akauchomoa unywele mmoja kwa kucha mbili,
akaniwekea mezani kama mtu anayelipa deni.
"Mkasi, nimeagiza abaya au nimeagiza paka?"

Ndipo nikaanza kutafuta.

Brashi ya nguo ya marehemu baba
ilimpita juu juu, ikambembeleza mpaka akakoroma;
nywele zikabaki palepale, zimelainika, tayari kuruka.

Nikapanda gari hadi Chake, dukani kwa Shaame.
Akanitolea brashi ya waya, mpini mwekundu,
kipya kinyemi.
Nikaijaribu kwanza mkononi mwangu,
maana fundi hakati kabla hajapima,
ikaacha mistari kama ya chaki ya kupimia.
"Kitu cha paka," Shaame akacheka, "unajaribia mtu?"
"Ngozi ni ngozi," nikamwambia,
nikadai pesa yangu.

Mpwa wangu Asaa akaleta glavu kutoka Darajani,
ya mpira, ina vipele kiganja kizima.
Bafta aliuona mkono mgeni
akaingia chini ya kabati,
hakutoka mpaka baada ya isha.

Nikalikumbuka chanuo la chawa,
lile la chuma, la enzi Asaa alipofukuzwa chuoni ajikune kwao.
Hilo lilifika! Lilizoa manyoya ya ndani,
yale mepesi kuliko pumzi.
Lakini pajani palikuwa na fundo,
na mimi, mfumuaji wa mafundo miaka thelathini,
nikavuta.
Alama tatu hizi hapa.

"Mnyoe," jirani akasema juu ya ukuta.
"Jina unalo, mikasi unayo."
Laa.
Nguo aliyoikata Mungu
haipunguzwi na fundi wa Wete.

Basi siku moja naondoa ndara yangu kuukuu mlangoni,
ile anayoilalia, kisigino kimekwisha,
nikaona soli imeota manyoya
kama embe dodo lililosahauliwa mvunguni.
Nikaitazama. Nikamtazama.
Nikachukua mkasi wa kukatia jinzi.

Nikapima kiganja changu, nikakata,
nikachanja meno, mafupi, mapana,
nikayapunguza ncha yasichome.
Nikailowesha kidogo.
Akainusa: ilinuka mguu wangu.
Akajilaza ubavu, kisha ubavu wa pili,
kisha tumbo, ambalo hajampa mtu.

Niliyoyatoa siku ile yangetosha paka mwingine.
Kuyatupa nikaona haya.

Juzi Bi Mize karudi, ana doti ya kitambaa cheusi.
Akaikagua meza, akalikagua dirisha,
akaikuta mito yangu ya sindano, mipya, miwili, imetuna.
Akaibonyeza kwa kidole.
"Laini hii! Umejazia nini?"

Bafta alikuwa juu ya kabati, macho nusu.

"Bafta," nikajibu,
nikauma uzi,
nikatunga sindano.